Amelewa, au Amepigwa na Joto?

Mwisho wa kaskazi, kabla ya mvua za masika, ndio wakati wa joto kali katika pwani ya Malindi na Kilifi. Mwezi wa Machi joto la mchana hupita digrii 31, na kwa kuwa hewa imejaa unyevu, jasho halikauki upesi mwilini. Basi wengi hukimbilia kivulini kunywa mnazi, wakidhani ya kuwa watapoa.

Mnazi haumpozi mtu. Tembo lililogemwa alfajiri ni tamu, lakini huzidi kuchachuka, na jua likiwa kali huchachuka upesi zaidi. Anayekunywa jioni kipimo kile kile cha asubuhi hunywa ulevi mwingi zaidi. Ulevi nao humkojoza mtu, humkausha maji, na kumzuia asihisi hatari iliyomfikia.

Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia walitangaza ya kuwa katika hospitali za jimbo la New York, siku za joto ziliongeza idadi ya wagonjwa wa ulevi na madawa ya kulevya. Na huko si nchi ya joto!

Hatari kubwa ni hii. Mtu aliyepigwa na joto hupepesuka, huropoka na kupotewa na fahamu, sawasawa na mlevi. Wapitao husema, "Amelewa, mwacheni alale," wakamwacha juani, kumbe anakufa. Awe amelewa au hakulewa, yapasa ahamishwe kivulini mara moja, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, kisha apelekwe hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Kadhalika waangaliwe wenye maradhi ya akili. Baadhi ya dawa zao, mathalan klopromazini, huupunguzia mwili uwezo wa kutoa jasho. Wasiziache dawa hizo kwa hofu, maana kuziacha ghafula kwaweza kuyarudisha maradhi. Bali wakae penye upepo, wanywe maji, na wamwulize daktari. Mmoja wao akiropoka mchana wa jua kali, watu wa nyumbani wasiharakishe kusema amepandwa na pepo. Wamguse kwanza mwili. Ukiwa wa moto mno, afanyiwe kama ilivyoelezwa.

Ama waliotekwa na heroini, ambayo vijana huiita unga, matibabu ya methadoni yalianzishwa katika hospitali ya serikali ya Malindi mwaka 2015.