Ufunguo wa Mlango wa Nyuma Uko kwa Nani?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wafanyakazi wa ghala la kahawa la chama cha msingi, Wilaya ya Mbinga)



Leo tuzungumze juu ya moto. Msimu wa kahawa umefika. Ni kiangazi, upepo ni mkali, na magunia yamepangwa karibu yafike darini. Moto ukishika gunia moja, haungoji mtu.

Wengine mtasema: tutapiga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje. Pigeni, tena pigeni mapema. Lakini gari likitokea Songea, lina safari ya karibu kilomita 100 mpaka Mbinga mjini, kabla halijaanza kupanda milima yetu hii. Dakika kumi za kwanza ni zetu wenyewe.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda lisimpendeze Mtunza Ghala. Ghala hili lina milango miwili. Ule wa nyuma una kufuli usiku na mchana, kwa sababu ya wezi. Najua kahawa ni jasho la wakulima, na gunia likipotea chama kizima hulia. Lakini kufuli lile lile linalomzuia mwizi asiingie, linamzuia mama mwenye mtoto mgongoni asitoke.

Mambo haya yamekwisha tokea. Huko New York, Marekani, tarehe 25 Machi 1911, moto uliwaka katika kiwanda cha kushona nguo. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, maana wenye kiwanda waliogopa kuibiwa. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana. Na hapa jirani, Kenya, mwezi Machi 2001, wavulana 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, walikufa kwa moto bwenini. Huko nako mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yana vyuma. Bweni si ghala, lakini kufuli ni kufuli.

Basi mimi nasema hivi. Usiku fungeni. Mchana, watu wakiwa kazini, mlango wa nyuma uwe na komeo la ndani tu, ambalo hata mtoto atalivuta kwa mkono mmoja. Anayeogopa wizi amweke mlinzi pale. Na magunia yasipangwe mbele ya mlango huo, hata kwa siku moja.

Jambo la pili ni daftari. Ninyi mmehitimu kusoma na kuandika, na kazi yenu ndiyo hii. Kila asubuhi mmoja aandike majina ya walioingia, daftari litundikwe mlangoni. Kengele ikilia, mwandishi atoke nalo, wote tukutane uwanja wa shule, majina yasomwe. Msiseme "nadhani ametoka." Asiyeitika, wazimamoto waambiwe alikuwa upande gani. Wala mtu asirudi ndani kufuata baiskeli yake.

Moshi huua kabla ya ndimi za moto. Ukijaa, tambaa, hewa ya kuvuta iko chini. Mlangoni pawe na ndoo za mchanga, kwa sababu petroli inayowaka haimwagiwi maji: maji huibeba ikaenda kuwaka mbele. Ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli, mnaoweka petroli ya mashine za boti pamoja na nyavu katika kibanda kimoja cha nyasi, hili ni lenu pia. Mwera ukivuma, kibanda kimoja huwa kumi.

Ijumaa saa nne asubuhi kengele itapigwa. Hakuna moto, ni mazoezi. Nitakuwa nje na saa yangu, nione mnatoka kwa dakika ngapi, na wazee wetu na kina mama wenye watoto wanasaidiwa na nani.

Kabla sijaketi, Ndugu Mtunza Ghala, tafadhali tuonyeshe ufunguo wa mlango wa nyuma. Hapana ndugu yangu, si kesho. Sasa hivi, nasi tukusubiri hapa tuone utachukua muda gani kuupata.