Kodi Tutalipa, Lakini na Jasho Letu Litambuliwe

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye semina ya vijana wa chama, Mwanza, Agosti 2024. Wengi mliomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Nimepewa nusu saa nizungumzie vijana na uchumi wa kidijitali. Kabla sijaanza naomba mnyooshe mikono. Nani hapa ndani amewahi kulipwa hela, hata elfu 5, kwa kazi aliyoifanya kwa simu au kompyuta? Bango, video, picha, wimbo, tangazo, chochote. Naona mikono mingi, karibu nusu ya ukumbi. Haya, shusheni. Sasa nani amewahi kufanya kazi kama hiyo, ikatumika, na hakulipwa? Mnaona? Sasa ni ukumbi mzima, mpaka katibu kanyoosha.

Basi mada yangu nimeshaimaliza. Ningeweza kukaa. Lakini kwa kuwa mmenipa nusu saa, naomba niitumie.

Mimi nakula kwa kuhariri video. Harusi, vipaimara, matangazo ya maduka, na pale YouTube nina chaneli yangu ndogo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni maoni yangu, si tamko la chama. Ila nitamalizia na ombi kwa chama, na ombi hilo halitampendeza kila mtu aliyekaa meza kuu.

Tuanze na Serikali. Tangu Julai 1 mwaka huu, kwa Sheria ya Fedha ya 2024, mtengeneza maudhui ya mtandaoni anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yake. Wengi mlikasirika, mkaandika sana. Mimi nasema hivi: kulipa kodi si dhambi. Mama anayeuza dagaa pale Kirumba analipa ushuru, kwa nini mimi nisilipe? Tukijenga chama cha watu wasiotaka kodi, siku tukipewa nchi tutajenga hospitali kwa nini? Kwa retweet?

Tatizo langu ni hesabu. Chukua kazi ya laki 2. Asilimia 5 ni elfu 10. Ukisikia hivyo unasema aah, kidogo. Lakini hiyo elfu 10 inakatwa juu ya laki 2 nzima, sio juu ya faida. Mimi hapo nimekodi kamera elfu 80, nauli na chakula elfu 20, bando la kupandisha na kutuma faili elfu 30. Kilichobaki mkononi ni elfu 70. Elfu 10 kwenye elfu 70 ni asilimia 14 na zaidi. Najua kuna atakayesema kodi ya zuio kwa kawaida ni malipo ya awali, unaihesabu mwisho wa mwaka. Sawa kabisa, kwa mwenye mhasibu. Kijana wa Buhongwa mwenye simu moja iliyopasuka kioo, mhasibu wake ni nani?

Halafu tuliangalie hilo bando. Ndani yake kuna ushuru wa bidhaa asilimia 17, na juu yake VAT asilimia 18. Pigeni hesabu wenyewe mkirudi nyumbani: kwenye kila shilingi 1,000 unayonunulia bando, zaidi ya shilingi 270 ni kodi. Kwa hiyo lile bando langu la elfu 30 tayari limeshalipa Serikali zaidi ya elfu 8 kabla sijafungua hata faili. Kwa mkulima, mbolea inaitwa pembejeo, na Serikali inaitolea ruzuku. Kwa mtengeneza maudhui, bando ndiyo mbolea. Sisi mbolea yetu inatozwa kama pombe.

Na hii si mara ya kwanza. Mnakumbuka Aprili 2021, bei za bando zilivyopanda ghafla usiku mmoja, watu wakapiga kelele mpaka zikasitishwa. Mnakumbuka Julai mwaka huohuo ile tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, watu wakaanza kubeba hela kwenye soksi kama zamani. Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 miezi miwili tu baadaye. Somo ni lipi? Ni kwamba kelele zenye hesabu husikika. Kelele za matusi hazisikiki, zinakupeleka polisi tu.

Sasa nije kwenye upande wa pili, ambao hatuuzungumzii. Serikali inapokuja kukusanya, inatutambua vizuri sana. Ina jina letu, mtengeneza maudhui. Mwaka 2018 ilitutambua zaidi: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe ada zinazofika shilingi milioni 2 na laki 1. Blogu! Juni mwaka ule JamiiForums ilizima mtandao wake kwa muda, na blogu ndogo nyingi zilikufa kimyakimya. Kanuni zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, baadhi ya masharti yakalegezwa. Lakini blogu iliyokufa haifufuki kwa kubadilisha kanuni.

Swali langu ni hili. Serikali inayonitambua ninapolipa, inanitambua ninapoibiwa?

Niwape kisa. Miaka miwili iliyopita mvua ilinyesha sana, nikapiga video ya maji yakiingia majumbani mtaani kwetu. Nilisimama juu ya ukuta saa nzima, simu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nikaiweka mtandaoni. Jioni naangalia taarifa ya habari, kituo kimoja cha televisheni, sitakitaja, wameweka video yangu. Nembo yao wameipachika juu ya jina langu. Si pembeni, juu yake. Nikapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa mpole kabisa, akaniambia, "Kaka, si uliiweka mtandaoni mwenyewe?"

Jamani, mtu akianika nguo uani, amekugawia?

Tunayo sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Inasema kazi ni ya aliyeibuni tangu anapoibuni, hata kabla hajaisajili. Inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ni sheria nzuri kwa maandishi. Lakini angalieni mwaka: 1999. YouTube ilianza 2005. Sheria ilitungwa wakati wizi wa kazi ni mtu na redio yenye deki mbili anarudufu kanda pale Kariakoo. Leo wizi ni sekunde tatu.

Na tuseme umeamua kwenda mahakamani. Chukueni mfano wa AY na MwanaFA. Mwaka 2012 walifungua kesi dhidi ya kampuni ya simu kwa nyimbo zao mbili, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", kutumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Tukashangilia wote. Lakini hesabuni: miaka minne mpaka hukumu ya kwanza, na baada ya hapo kampuni ikakata rufaa. Hao ni AY na MwanaFA, nchi nzima inawajua, na wana mawakili. Mimi mpiga video ya mafuriko nitakaa mahakamani miaka mingapi, kwa nauli ya nani?

MwanaFA leo ni Mheshimiwa Hamis Mwinjuma, Naibu Waziri kwenye wizara hiyohiyo ya sanaa. Simsemi vibaya, kwa jambo lile nampa heshima. Ila namwambia kutokea hapa: Mheshimiwa, unaijua njia ile ilivyo na miiba kwa sababu umeipita peku. Tupunguzie.

Chama kikiniuliza nataka sera gani, nasema nne, na zote zinaingia kwenye karatasi moja.

Kwanza, kodi ikatwe kwenye faida, na wenye kipato kidogo wawekewe kiwango cha chini ambacho chini yake hawaguswi. Mwenye kampeni ya milioni 50 na mwenye tangazo la laki moja hawawezi kupita mlango mmoja.

Pili, bando lipunguziwe ushuru. Hesabu nimeshawapa.

Tatu, mashauri madogo ya hakimiliki yawe na njia fupi. Uende na simu yako, yeye aje na yake, ionekane nani kaweka kwanza, mwezi mmoja au miwili mtu ameamuliwa. Hakuna haja ya wakili kwa video ya dakika mbili.

Nne, mirabaha iwe wazi. Redio, televisheni, baa na mabasi yanayopiga muziki yanapaswa kuulipia. Basi kila robo mwaka wanaokusanya watundike mtandaoni: tumekusanya kiasi gani, kutoka kwa nani, na fulani amepata kiasi gani. Msanii asiambiwe "kuna hela yako", aione.

Watu wataniambia teknolojia yenyewe ndiyo inatunyonya, makampuni ya nje. Ni kweli kwa sehemu. TikTok walipofungua mfuko wa kuwalipa watengeneza maudhui, walianza na nchi chache kama Marekani na Uingereza, sisi hatukuwemo. YouTube mpaka ufikishe dola 100 ndipo wanakutumia. Tangu 2022 Serikali inatoza makampuni ya nje asilimia 2 ya mapato yao hapa kwetu. Vizuri. Lakini ukienda mezani kuomba hela yako tu, bila kuomba na haki za watu wako, umekuwa mbia wa mnyonyaji. Hao wakubwa wanataka soko letu. Serikali ingeweza kuwaambia: mkitaka tangazo la Mtanzania, fungueni na malipo kwa Mtanzania.

Sasa nifike mahali penyewe. Nilisema sitampendeza kila mtu.

Januari 2023 mikutano ya hadhara iliporuhusiwa tena, tulifurahi. Tukatoa spika stoo, tukapanda magari. Je, zile nyimbo tunazopiga kabla mwenyekiti hajapanda jukwaani, nani amewahi kumlipa mwenyewe? Nani amewahi hata kumpigia simu?

Kimya. Na mimi nipo kwenye kimya hicho, maana nilikuwa kwenye gari la matangazo.

Tena kwetu sisi suala si hela peke yake. Mnajua nchi hii. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake, "Wapo". Msanii akionekana ni wetu, anaweza kukosa shoo, anaweza kukosa tangazo. Wapo waliochagua kusimama nasi wakijua gharama, tunawaheshimu. Lakini kijana aliyeimba wimbo wake wa mapenzi, sisi tukaupiga kwenye mkutano wetu, tukarekodi, tukasambaza, huyo tumemvisha sare bila kumuuliza. Tunasema watu wachague wenyewe. Basi na yeye achague.

Na mabango. Kuna binti wa kata yetu, ni mbunifu hodari. Kila mkutano anaambiwa, "Kamanda, tufanyie hili, ni kwa ajili ya mapambano." Anafanya usiku kucha. Asubuhi bango liko kila grupu, jina lake halipo hata kwa herufi ndogo. Mwenye spika tunamlipa. Mwenye viti tunamlipa. Mwenye gari tunamjazia mafuta. Yeye tunampa neno kamanda. Juzi aliniuliza, "Kaka, hivi nyinyi mkichukua nchi, mimi ndiyo nitaanza kulipwa?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo ombi langu kwa semina hii ni dogo. Tupitishe mambo matatu hapa leo, kabla ya chakula. Ruhusa: hatupigi wimbo, hatutumii picha wala video bila kumuuliza mwenyewe, na akikataa tunamheshimu, hatumtukani mtandaoni. Jina: kila kazi inayotoka kwetu iwe na jina la aliyeifanya, isipokuwa mwenyewe akiomba lifichwe kwa usalama wake. Malipo: kwenye kila bajeti ya mkutano kuwe na mstari wa kazi za ubunifu, hata kama ni elfu 20, na risiti itolewe. Anayetaka kujitolea ajitolee, lakini aulizwe, asidhaniwe.

Najua chama hakina hela. Binti yule naye hana, na tofauti ni kwamba yeye amekuwa akikichangia chama kila wiki bila kuandikwa kwenye daftari la wachangiaji.

Serikali inatutambua ikitaka kodi, haitutambui tukiibiwa. Hilo ni shtaka letu dhidi yao, na ni shtaka zito. Tusiende kulisoma mbele ya wananchi huku nyuma yetu spika inapiga wimbo wa kuiba.



(Mambo mawili ya kwanza yalipita siku hiyohiyo kwa mikono. La tatu, la malipo, limepelekwa kwenye kamati ya fedha. Nitawaambia likirudi. Na lisiporudi, nitawaambia pia.)