Kostiki Ndani ya Losheni

Msikilizaji, geuza chupa ya losheni yako usome yale maandishi madogo ya nyuma. Huenda ukakuta, mwishoni mwishoni, haidroksaidi ya sodiamu. Ndiyo kostiki soda hiyo, ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Wenye ngozi inayodhurika upesi wakiliona jina hilo, chupa huenda jalalani. Hofu yao naielewa, ila wamemkamata asiye mwizi.

Kostiki huwekwa humo kidogo sana, kurekebisha pH, yaani kiwango cha asidi. Ikikutana na asidi iliyomo, hugeuka chumvi na maji, na ukali wake huishia kiwandani. Losheni ikizidi alkali, hutiwa asidi ya sitriki ili pH ishuke. Kinachoigusa ngozi ni pH ya mwisho, na hiyo ndiyo ya kuulizia.

Ngozi yenye afya ina pH ya karibu 5. Sabuni ya mche iko 9 hadi 10, na katika kipimo hiki kila namba ni mara 10 ya jirani yake. Toka 5 hadi 9 ni tofauti ya mara 10,000! Ngozi imara hujirudi baada ya saa chache. Yenye ukurutu huchelewa. pH ikipanda, vimeng'enya vinavyolegeza seli za juu hupamba moto, mafuta yanayozishikanisha hupungua, unyevu hutoroka, na bakteria waitwao Staphylococcus aureus hustawi. Mtu hujikuna usiku kucha, lawama zote kwa losheni.

Ajabu ni kwamba baadhi ya hao hao waliotupa chupa hukamulia limao usoni. Limao! pH yake ni karibu 2, na hakuna mkemia aliyelipunguza makali. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, jopo la wataalamu lilishauri vipodozi vya asidi za matunda vya kutumia nyumbani visizidi asilimia 10, wala pH yake isishuke chini ya 3.5. Kirekebishi ndicho kinachomwezesha mtengenezaji kuufuata ushauri huo.

Sisemi virekebishi vyote havina neno. Trietanolamini huwaletea watu wachache mzio, kwa hiyo kipodozi kipya kijaribu kwanza ndani ya mkono, siku kadhaa, kabla ya kukipeleka usoni.

Nanyi watengenezaji, andikeni pH kwenye chupa. Mnatupa majina ya kutisha na kutuficha namba yenye maana.