Matungulu Chini ya Mwembe

Leo sisi wa kikundi cha bustani tumeombwa tuseme juu ya mmea unaopenda kivuli, nao ni matungulu.

Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia hapa Tabora mpaka Ujiji, ilituachia miembe mingi. Tunapumzika chini yake, lakini mahindi hayastawi pale. Basi sisi tulipaacha patupu, pa kuku tu.

Mama mmoja wa kikundi chetu ni mzaliwa wa Kigoma. Utotoni alichuma matungulu msituni, karibu na maji. Alipokwenda kwao msibani akakuta miti ya mtoni imekatwa, na matungulu yamebaki mahali pamoja. Akarudi kwa treni na vipande vitano katika gunia bichi. Akatuambia, "Wanangu, vikifa hivi, mimi sina safari nyingine."

Matungulu ni ndugu wa tangawizi na iliki. Shina lake hasa hulala udongoni, na majani hupanda juu kuliko mtu. Kwa sababu ya urefu huo tukadhani jua haliliwezi! Tukapanda vipande vitatu juani. Mwezi wa nane vilikuwa vikavu kama tumbaku, na mama hakusema neno. Afadhali angetugombeza.

Viwili tulivipanda chini ya mwembe, hatua nne kutoka kwenye shina, maana karibu zaidi mizizi hunywa maji yote. Tulipanda mvua zilipoanza, mwezi wa kumi na moja, kwa kina cha vidole vitatu, na samadi iliyooza. Tukafunika kwa majani makavu ya mwembe. Msiyachome majani hayo, ndiyo blanketi lake. Kiangazi tulimwagia ndoo moja kila siku ya tatu. Na kuku? Tulizungushia miiba.

Sasa, tunda msilitafute juu. Hutokea chini kabisa, jekundu, likichungulia udongoni. Mwenye kufyeka ovyo hulikata bila kuliona. Mwaka wa tatu tulipata saba. Mama alipasua la kwanza, akafyonza nyama yake nyeupe yenye uchachu, halafu akawagawia wajukuu. Wawili walikunja uso, mmoja akaomba jingine.

Vichipukizi sasa ni vingi. Anayetaka kipande aje mvua zikianza, na jembe lake.