Je, Akili Zetu Zaweza Kumpima Mungu?



Wako Wakristo wasemao kwamba mambo ya imani hayaulizwi. Kijana akitaka kujua jinsi Mungu mmoja alivyo Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, hunyamazishwa. Sisi hatukubaliani nao. Mtume Paulo alipofika Thesalonike alihojiana na watu katika Maandiko Sabato tatu (Matendo 17:2), wala Bwana wetu alipoitaja amri iliyo kuu hakuiacha akili nje (Marko 12:30).

Lakini zitazameni habari za Arius, kasisi wa Iskanderia huko Misri, katika karne ya nne. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kila baba humtangulia mwanawe, Mungu ni Baba, na Kristo ni Mwana, basi Mwana alikuwa na mwanzo, naye ni kiumbe. Hata mtoto wa shule aweza kuifuata. Kosa liko pale ilipoanzia. Ni nani aliyemwambia Arius kwamba Mungu ni Baba kwa jinsi ile ile tulivyo baba sisi, tunaozaliwa, tukazeeka, tukafa? Debe hupima mahindi kwa haki kabisa, lakini hatwendi nalo kupima bahari.

Maaskofu walipokutana Nikea mwaka 325 walimjibu kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Neno hilo walilolitumia halimo katika Biblia, na wengine walisita sana kwa sababu hiyo. Athanasius, aliyekuwa shemasi tu wakati ule, aliitetea kweli hiyo maisha yake yote. Alisema, ikiwa Kristo ni kiumbe, awezaje kutuunganisha na Mungu, ikiwa yeye mwenyewe ahitaji kuunganishwa? Na sisi tumwabuduo, je, si waabudu viumbe? Hizo nazo ni hoja, tena kali! Ila zimeanzia msalabani, penye yale Mungu aliyotutendea. Hazikuanzia katika desturi za nyumba zetu.

Mpenzi msikilizaji, mgonjwa anayemwita Yesu usiku wa manane ataka kujua kama anayemwita ni Mungu au la.

Athanasius akawa askofu, akafukuzwa mjini mwake mara tano, akakaa uhamishoni miaka 17 hivi. Maungamo hayo aliyoyateswa kwa ajili yake ndiyo tunayoyatamka katika Imani ya Nikea, tukijiandaa kuikaribia Meza ya Bwana.