Mikono ya Seremala Katika Senema

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za senema moja, ingawa najua kwamba kumsimulia picha mtu asiyeiona ni kama kumsifia pilau mtu aliye mbali na sufuria. Walakini nitajaribu. Katika senema hii hamna vita, wala mapenzi, wala farasi wakimbizanao. Mna mtu mmoja na miti yake.

Mtu huyo ni Richard Proenneke, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa seremala katika jeshi la majini. Mwaka 1968, naye amekwisha kupita miaka 50, alikwenda peke yake Twin Lakes, huko Alaska, nchi ya theluji, akajijengea nyumba ya magogo kwa zana za mkono. Alichukua na kamera. Aliisimamisha juu ya miguu yake mitatu, akaifungua, kisha akaenda mbele yake kufanya kazi. Picha hizo zilikusanywa na Bob Swerer zikawa senema iitwayo Alone in the Wilderness, iliyotoka mwaka 2004, mwenyewe amekwisha kufa.

Jambo la kwanza lililonishika ni hili: baadhi ya zana alizichukua vyuma vitupu, apate kupunguza mzigo, na mipini akaichonga huko huko. Seremala wa kwetu hatastaajabu, kwani mpini wa tezo lake naye ameuchonga mwenyewe. Lakini sisi tulio wateja wake, ni nani aliyewahi kuutazama mpini ule?

Kisha huja kazi ya kuta. Gogo hulilaza juu ya mwenziwe, akalitia alama, akaligeuza, akalichimba pengo kwa shoka, akalirudisha. Likiwa halijakaa sawasawa, huligeuza tena. Kitabu chaweza kusema, “Chimba pengo lilingane na gogo la chini,” na maneno hayo ni kweli tupu. Lakini namna kiganja kiteremkavyo juu ya mpini wakati wa pigo, na jinsi fundi asitavyo kidogo kabla ya kulipiga lile la mwisho, hayo hayaandikiki. Mwanafunzi huyapata kwa kukaa miaka karibu na fundi. Fundi akifa bila mwanafunzi, huzikwa nayo. Hapo ndipo niliponyamaza kuicheka kamera.

Mlango ndio ulionipendeza zaidi. Ni wa vipande viwili, cha juu na cha chini, na bawaba zake ni za mti, hata komeo lake ni la mti. Nilikumbuka milango ya zamani ya Unguja na Lamu, isiyotundikwa kwa bawaba za chuma. Ubao wenyewe una ncha juu na chini, nazo huzunguka katika matundu. Fundi wa theluji na fundi wa minazi hawakuonana kamwe, na kila mmoja aliuambia mti ufanye kazi ya chuma.

Sitaficha kasoro ya senema. Picha hula siku: kazi ya majuma hupita kwa dakika chache, na kijana atazamaye aweza kudhani kwamba nyumba ni jambo la alasiri moja. Uzito wa shoka hauonekani, wala malengelenge. Tena, kila tumwonapo yule bwana akienda zake mpaka atoweke, tukumbuke kwamba ilimlazimu kurudi kuichukua kamera yake.

Alikaa huko karibu miaka 30. Nyumba yake, chumba kimoja tu, ingali imesimama katika Hifadhi ya Taifa ya Lake Clark, na wageni huenda kuitazama.