Kuitambua Hatari Kabla ya Mkondo wa Damu Kugeuzwa



Mgonjwa ambaye ini lake limejaa makovu, hata damu itokayo matumboni ikakosa pa kupita, aghalabu huletwa kwetu akitapika damu, kwa kuwa mishipa ya umio imefura na kupasuka. Na mojawapo ya tiba zake ni kuifungulia damu hiyo njia ya kando, ama kwa kisu cha mpasuaji, ama, kama ilivyofanywa kule Freiburg, Ujerumani, mwaka 1988, kwa kijibomba cha matundu ya waya kiingizwacho kwa mshipa wa shingo. Shinikizo hushuka, damu hukoma, na jamaa hushukuru. Walakini damu iliyolikwepa ini haikusafishwa sumu, na ini lenyewe limepunguziwa riziki yake. Kwa hiyo katika siku na wiki za mwanzo kuna achanganyikiwaye akili, kuna azidiye umanjano hata ini likashindwa kabisa, na kuna ambaye moyo wake hauwezi kuuhimili wingi wa damu uliomjia ghafula.

Hatari hii ilijulikana zamani. Mpasuaji Nikolai Eck alipoifungulia damu hiyo njia ya kando katika mbwa, mwaka 1877, wengi wao walikufa upesi. Na mwaka 1893 Pavlov na wenzake walieleza kwamba mbwa waliosalimika, walipolishwa nyama, walipepesuka, wakashikwa na mitukutiko, wakapoteza fahamu.

Ndipo wapasuaji Child na Turcotte, mwaka 1964, wakitaka kujua ni mgonjwa gani atauhimili upasuaji huo wa kuigeuza damu, wakatazama mambo matano: bilirubini, albumini, maji ya tumboni, hali ya akili, na lishe ya mgonjwa. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wa London waliiondoa lishe, wakaweka mahali pake muda wa damu kuganda. Kisha mwaka 2000 wataalamu wa Mayo Clinic, kwa kuwachungua wagonjwa 231 waliowekewa kijibomba, walitoa hesabu ya kukadiria nani hatavuka miezi 3, ile iitwayo MELD, ambayo wengi huijua leo kwa kupangia zamu za kubadilishiwa ini, ilhali asili yake ni swali letu hili hili.

Naiheshimu hesabu hiyo. Lakini yenyewe hukadiria mauti, wala haikuundwa kutabiri nani atapotewa na akili, na kuchanganyikiwa huko ndiyo dhara iwasumbuayo wagonjwa wengi zaidi. Amonia isiyosafishwa na ini husafishwa kwa sehemu na misuli, na uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba aliyekonda misuli huchanganyikiwa kwa wepesi zaidi: jicho la Child juu ya lishe, lililowekwa kando kwa kuwa halikupimika kwa nambari, limethibitika kuwa lilikuwa likiona sawasawa. Umri nao una neno, na moyo, na zaidi ya yote kuchanganyikiwa kuliko­wahi kutokea kabla.

Nawasihi basi, matabibu vijana, kabla ya kuitaka idhini ya mgonjwa, mshikeni mapaja na mabega yake, mkaupime moyo wake, mkamwulize mkewe au mwanawe kama mzee hulala mchana na kukesha usiku, au husahau majina ya wajukuu. Majibu hayo yaandikeni katika jalada, kando ya hesabu ya damu, na yapewe uzito ule ule.